Kuingia klabu ya mpira wa kikapu Mombasa: mwongozo kamili kwa mzazi na kijana

Swali la kwanza ninaloulizwa na wazazi wenzangu ni la ada: klabu inatoza ngapi? La pili ni la urefu: huyu wangu ni mfupi, watamchukua kweli? La ada atakujibu kocha, nami nitakuambia la kumuuliza; la urefu nitalijibu mwenyewe. Lakini kabla ya hayo kuna jambo nililojifunza kwa hasara. Mwanangu wa kwanza nilimwandikisha kwa simu. Nilipewa namba, nikatuma pesa za miezi mitatu kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona, risiti sikupewa, na jezi tuliyoahidiwa haikuja. Mazoezi yalikuwepo, ila jioni nzima mtoto alikaa kwenye ukuta wa uwanja akiwatazama wakubwa wakicheza. Wiki ya tano akaniambia, "Mama, mimi basi." Mpira haukuwa umemchosha; alikuwa hajaugusa.

Wa pili sikumpeleka mpaka nilipokwenda kuangalia mwenyewe mara tatu. Yuko klabuni hadi leo. Haya ninayoyaandika ni kwa mzazi, mlezi, au kijana mwenyewe aliye kisiwani Mombasa au ng'ambo yake, anayetaka kuingia klabu ya mtaani na kudumu humo.

Anza na njia ya kwenda na kurudi

Mombasa tuna timu kubwa, ile ya Mamlaka ya Bandari, KPA, ya wanaume na ya wanawake, na ukumbi wao uko Makande. Wanawake wa KPA wameshalibeba kombe la ligi kuu ya Kenya zaidi ya mara moja. Mpeleke mtoto akawaone, hasa akiwa binti. Atakaa karibu kiasi cha kusikia soli za viatu zikilia sakafuni, na pengine siku hiyo hiyo ataacha kukuuliza kama mchezo huu ni wa wavulana. Lakini klabu ya kila wiki ni jambo jingine. Hiyo itafute karibu na nyumbani au karibu na shule, hata kama jina lake halivuki mtaa wa pili.

Piga hesabu hivi. Mazoezi mara tatu kwa wiki ni safari sita. Kwa muhula wa wiki 12, ni safari 72. Nauli ikiwa shilingi 50 kila safari, ni shilingi 3,600, na hapo hujanunua maji wala hujalipa ada. Watoto niliowaona wakiacha klabu, wengi wao waliangushwa na nauli. Wenyewe hawasemi. Wanaanza kukosa Jumatano, kisha Ijumaa, kisha hawaonekani tena.

Baada ya nauli, angalia jua. Kwetu huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Mazoezi yakianza saa kumi na nusu na kwisha saa kumi na mbili, mtoto anayerudi Mikindani au Mtopanga anafika nyumbani giza limeshaingia. Wa Likoni ana kivuko: anayevuka kwa miguu halipi kitu, ila foleni ya jioni unaijua. Mtoto wa chini ya miaka 14 anayeishi Likoni, mtafutie uwanja ulio upande huo huo, au hakikisha anavuka pamoja na wenzake wakiwa na mkubwa.

Usisahau chuo. Watoto wengi wetu wana chuo cha Kurani baada ya shule au Jumamosi asubuhi, na klabu iliyozoea Mombasa hupanga mazoezi yake kwa kuzunguka saa hizo na kusimama kwa Magharibi. Uliza mapema pia mambo huwaje mwezi wa Ramadhani. Klabu nyingine huhamia usiku baada ya tarawehe pale penye taa, nyingine hupunguza hadi kurusha tu bila kukimbia. Jibu lolote kati ya hayo ni zuri. Wasiwasi ni pale ambapo hakuna aliyefikiria.

Nenda ukaangalie mara tatu

Mara ya kwanza, nenda siku ya kawaida ukae nusu saa. Mara ya pili, nenda siku wasiyokutarajia. Mara ya tatu, fika mwishoni, wakati wa kutawanyika, uone watoto wanaondokaje na nani anabaki na wale ambao hawajachukuliwa. Usimchukue mtoto katika safari hizi. Akishapenda jezi za rangi ya machungwa, macho yako hayataona kingine.

Hesabu mipira. Watoto 20 na mipira 2 maana yake ni foleni, na mtoto aliye kwenye foleni hajifunzi kudunda. Mpira mmoja kwa watoto wawili au watatu unatosha kabisa kwa klabu ya mtaani. Kisha fanya jambo ambalo ndilo kipimo changu kikubwa: mtafute kwa macho mtoto dhaifu kuliko wote uwanjani, yule ambaye mpira unamponyoka, na umwangalie yeye peke yake kwa dakika 10. Hesabu ni mara ngapi anaugusa mpira. Sikiliza anaitwa kwa jina lake au anaitwa "wewe pale". Angalia akikosea nini kinafuata.

Niliona hivi kwenye uwanja mmoja wa saruji, rimu imepinda kidogo kwa mbele na wavu umebaki nyuzi tatu. Kijana wa miaka kama 11 alikuwa akijaribu kwenda kufunga akiwa mbioni. Kila akifika chini ya kikapu miguu inagongana, anaruka na mguu usio sahihi, mpira unapiga chini ya ubao na kumrudia usoni. Wenzake wakaanza kucheka. Kocha hakupiga filimbi wala kufoka. Alimwendea, akachukua kipande cha chaki mfukoni, akachora duara mbili sakafuni. "Mpira uweke chini kwanza. Tembea tu. Kulia, kushoto, juu." Kijana akatembea bila mpira. Mara nne. Kisha akatembea na mpira mkononi bila kuudunda. Kisha akadunda mara moja. Wale waliocheka wakawa nao wameanza kukanyaga zile duara, kwa sababu nusu yao hawakuwa wanajua. Mpira haukuingia jioni ile. Lakini nilijua hapo ndipo nitakapomleta mwanangu.

Uwanja wenyewe ukague kama unavyokagua nyumba ya kupanga. Mchanga juu ya saruji huteleza kuliko maji. Je, kuna mtu anafagia kabla ya kuanza? Vipi vigae vya chupa pembeni? Nguzo ya kikapu imezungushiwa chochote laini, hata godoro kuukuu, au mtoto atakutana na chuma kitupu? Itikise nguzo kwa mkono. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na chuma huliwa na kutu kwa chini pale inapoingia kwenye saruji, mahali ambapo hakuna anayetazama. Kikapu cha kuhamishika ambacho hakikuwekewa uzito nyuma huweza kumwangukia anayening'inia.

Na uangalie walio pembeni ya uwanja. Panapouzwa muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, hatua kumi kutoka kwenye mstari, kocha anayejali atakuwa ameshalizungumza jambo hilo na wazee wa mtaa. Muulize.

Zungumza na kocha

Mfuate baada ya mazoezi, si katikati yake. Kwetu mazungumzo huanza kwa salamu na hayana haraka:

"Shikamoo mama."
"Marahaba, kocha. Nimekuwa nikiwatazama. Nina kijana wa miaka 12, na kabla sijamleta ningependa kukuuliza mawili matatu."

Kocha mzuri hufurahi kuulizwa. Anza na pesa, kwa sababu ni rahisi: ada ni ya mwezi au ya muhula, inaingia akaunti ya klabu au simu ya mtu, risiti inatolewa, na ndani yake kuna nini. Jezi imo? Nauli ya mechi imo? Mtoto ambaye kwao hawawezi, mnafanyaje? Klabu za mtaani zenye watu wema huwa na jibu kwa hili la mwisho, hata kama jibu ni kwamba mtoto atafagia uwanja na kupanga koni badala ya kulipa. Usilipe zaidi ya mwezi mmoja kwanza.

Kisha uliza klabu imesajiliwa wapi. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliweka ofisi ya Msajili wa Michezo, na klabu iliyosajiliwa inaweza kukuonyesha cheti. Kundi la vijana lisilo na cheti si lazima liwe baya, wengi wako njiani, lakini nataka kusikia wako njiani kwenda wapi. Uliza pia kocha alijifunza ukocha wapi, anasaidiwa na nani, na akiugua nani anashika.

Kuhusu mabinti, uliza waziwazi wako wangapi na wanafanya mazoezi saa ngapi. "Wanakaribishwa" si jibu. Binti mmoja kati ya wavulana 25 atavumilia mwezi. Mabinti wanne watakaa. Na kama unajiuliza iwapo kocha mwanamke anaweza kuwafundisha wavulana, kumbuka kwamba Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, iliongozwa na Liz Mills wa Australia ilipokwenda AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kule Kigali mwaka 2021.

Usalama wa mtoto hauna aibu ya kuuliza

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu wazazi wengi huona haya. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Hata yule aliyekupita kimo, mwenye ndevu mbili kidevuni, bado ni mtoto.

Kanuni ninazozidai ni chache. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, iwe stoo ya mipira, gari au chumba. Ujumbe wa simu hupitia kundi ambalo wazazi wamo. Kocha hamwandikii mtoto kwa siri usiku. Safari ya mechi nje ya mji huwa na barua, jina la mahali pa kulala, na mwanamke mtu mzima kama mabinti wamo. Picha za mtoto haziwekwi mtandaoni mpaka mzazi aridhie, na hilo limo katika Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kocha mgeni aonyeshe cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi.

Mfundishe mtoto namba 116. Ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini. Mwambie pia kwamba akiwa hataki kwenda mazoezini siku fulani na hawezi kusema sababu, hatagombezwa.

Karatasi

Utahitaji nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ndogo mbili, fomu ya ridhaa yenye sahihi yako, na namba mbili za simu za watu wazima tofauti, kwa sababu moja huwa imezimika siku ya dharura. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, maombi hufanywa kupitia eCitizen. Anza sasa, usingoje wiki ya mashindano.

Cheti hicho ndicho kinachoamua mtoto atacheza kundi gani la umri. Katika mashindano ya FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, hesabu hufuata mwaka wa kuzaliwa: yale ya chini ya miaka 16 ya mwaka 2025, kwa mfano, yaliwahusu waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2009. Mashindano ya mtaani huweza kuweka tarehe yake, kwa hiyo soma tangazo. Na tafadhali usikubali mtoto wako apunguziwe miaka ili timu ishinde. Nimemwona kijana akitolewa uwanjani mbele ya wenzake, timu nzima ikanyang'anywa ushindi, na yeye ndiye aliyebeba aibu iliyokuwa ya watu wazima.

Afya kabla ya kukimbia

Mwambie kocha ukweli wote kuhusu pumu, kifafa, moyo, na ugonjwa wa damu wa selimundu (sickle cell), ambao Pwani tunao sana. Mtoto mwenye selimundu ampitie daktari kwanza. Wengine huruhusiwa kucheza kwa kupumzika mara kwa mara na kunywa maji ya kutosha, na kocha lazima ajue ili asimlazimishe kukimbia mizunguko ya adhabu. Bomba la pumu likae kwenye mkoba ulio pembeni ya uwanja. Likibaki nyumbani halimfai.

Joto la Mombasa kuanzia Desemba hadi Machi si la mchezo. Mtoto aanze kunywa maji tangu mchana, aje na chupa ya lita moja, na anywe kabla kiu haijamshika. Dafu baada ya mazoezi ni zuri. Akipata kizunguzungu, kichefuchefu au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, na apelekwe hospitali. Hapo hakuna kungoja mechi iishe. Vivyo hivyo akigonga kichwa kisha akatapika au kuchanganyikiwa: harudi uwanjani siku hiyo.

Majeraha ya kawaida ni kifundo cha mguu kuteguka na kidole kupigwa na mpira. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa umeinuliwa. Usimruhusu mtu akivute kidole "kukirudisha". Asipoweza kukanyaga hatua nne, nenda mkapige picha ya mfupa.

Chakula kiliwe kama saa mbili kabla ya mazoezi: ndizi, muhogo wa kuchemsha, uji. Viazi karai na mihogo ya kukaanga vingoje hadi baada ya mazoezi.

Vifaa: nunua viatu, azima mengine

Pesa yako ya kwanza iende kwenye raba. Mpira wa kikapu ni mchezo wa kukimbia na kusimama ghafla, na raba ya kukimbilia yenye soli nene laini hupinduka pembeni. Tafuta yenye soli bapa, pana, inayoshika. Soko la Kongowea utapata mitumba mizuri ukiwa na subira, lakini ikague: bonyeza soli kwa kidole gumba, na kama imekauka kama mti, iache, vuta ukingo uone kama gundi imeachia, kisha ikunje, nayo ipinde penye vidole na si katikati. Mtoto aijaribu jioni, na soksi atakazovaa, kukiwa na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Usimnunulie kubwa "akue nayo", mguu utacheza ndani na kifundo kitateguka.

Mpira si lazima mwezi wa kwanza. Ukinunua, jua saizi: namba 5 kwa wa chini ya miaka 12, namba 6 kwa mabinti na wanawake na kwa wavulana wadogo wanaokua, namba 7 kwa wavulana wakubwa na wanaume. Mtoto wa miaka 10 akipewa namba 7 hujifunza kurusha kutoka kiunoni, na tabia hiyo huchukua miaka kumtoka. Kwa uwanja wa saruji nunua wa raba. Wa ngozi utachubuka haraka.

Binti anayevaa hijabu acheze na hijabu yake. FIBA iliruhusu vazi la kichwa kuanzia Oktoba 1, 2017: liwe jeusi, jeupe au rangi ya jezi, lisifunike uso, na lisiwe na pini wala kitu kinachoning'inia. Nguo ndefu ya kubana ndani ya jezi na suruali ndani ya kaptura zinaruhusiwa pia, timu ikivaa rangi moja. Mwamuzi wa mtaani akibisha, kocha wenu awe na kanuni hiyo kwenye simu.

Wiki mbili za nyumbani

Mtoto akifika akiwa anajua kudunda kidogo, woga hupungua nusu. Adunde kwa ncha za vidole, kiganja kisiguse, mpira usipite kiuno. Dakika tano mkono wa kulia, dakika tano wa kushoto, kisha macho yainuke: msimamie mbele, umwonyeshe vidole, naye akutajie idadi huku akidunda. Kama mnaishi ghorofani, tafuteni ua au njia ya nyuma. Jirani wa chini naye ana haki zake.

Afanye pia zile hatua za kocha wa chaki. Kwa anayetumia mkono wa kulia: mguu wa kulia, wa kushoto, kisha kuruka kwa wa kushoto huku goti na mkono wa kulia vikipanda pamoja. Hata kwenye korido, hata bila mpira.

Siku ya kwanza

Fikeni robo saa mapema. Mtoto awasalimu wote, kocha na wachezaji, na aseme jina lake mwenyewe, usimsemee. Kukiwa na ufagio, aushike. Kisha wewe ondoka ukakae mbali kidogo. Mzazi anayepiga kelele "rusha! rusha!" kutoka mstarini humfanya mtoto awe na makocha wawili na asimsikie hata mmoja.

Njiani kurudi usimuulize amefunga mangapi. Mimi huuliza, "Umejua majina ya nani leo?" Akitaja matatu, siku imekwenda vizuri.

Miezi mitatu ya mwanzo

Wiki ya tatu au ya nne ndiyo ngumu. Ugeni umekwisha, vidole vinauma, na kuna mwenzake aliyeingia siku moja naye ambaye tayari anafunga. Hapa ndipo suala la urefu linaporudi. Muggsy Bogues alikuwa na sentimita 160 na akacheza NBA, ligi kubwa ya Marekani, misimu 14, akiishi kwa kudunda chini na kunyang'anya mipira. Kikapu kiko mita 3.05 kwa kila mtu, lakini mpira hutumia muda mwingi zaidi karibu na sakafu. Kwa wadogo sana kuna kikapu kidogo cha mita 2.60, kama klabu inacho, ni dalili njema.

Kama mtoto hachezeshwi mechi, mwache aende kwa kocha mwenyewe, aulize hivi: "Kocha, nifanyie kazi nini ili nipate dakika?" Kijana wa miaka 13 anaweza kuuliza hivyo. Akijibiwa kwa jambo moja la wazi, kwa mfano kurudi nyuma haraka kukaba, ana kazi ya wiki mbili. Akijibiwa "subiri tu" mara tatu mfululizo, sasa nenda wewe.

Masomo: kubalianeni na kocha kabla ya mitihani, sio baada ya matokeo. Ukumbuke pia kwamba kikapu cha shule za sekondari huchezwa muhula wa kwanza, kwa hiyo kijana aliye kwenye timu ya shule atachoka sana kati ya Januari na Machi. Apunguziwe upande mmoja.

Mechi ya kwanza

Mfundishe machache ili asipotee. Watano kwa watano, hadi 12 kikosini. Robo nne za dakika 10, ingawa mashindano ya mtaani hufupisha. Faulo ya tano, unatoka. Kutoka nyuma ya mstari wa mita 6.75 ni alama tatu, mtupo wa adhabu ni moja, kwingine ni mbili. Timu ina sekunde 24 kurusha na sekunde 8 kuvuka katikati. Huwezi kutembea na mpira bila kuudunda, na ukishadunda kisha ukaushika, hudundi tena. Pia kuna ule wa watatu kwa watatu, kikapu kimoja, dakika 10 au wa kwanza kufika alama 21. Kwa mitaa yenye nusu uwanja huo ndio utakaochezwa zaidi.

Watakuuliza inafika wapi safari hii. Kwa walio wengi inafika kwenye jioni njema na marafiki, nami naona hiyo inatosha. Kwa wachache kuna ligi za Shirikisho la Mpira wa Kikapu Kenya na timu za taifa, Morans na Lionesses. Februari 2021 kule Yaoundé, Tylor Ongwae alirusha mpira wa mwisho uliowashinda Angola 74–73, na Morans wakarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Mwonyeshe mtoto picha zake. Ila atakapotokea mtu akidai pesa ili amtafutie kijana ufadhili wa masomo Marekani, usitoe hata senti. Anayemtaka mchezaji kweli huzungumza na shule, na klabu, na wewe, wote mkiwa pamoja.

Mkihama au akitaka kuondoka

Mtoto anaweza kutaka klabu nyingine, au mnahamia Mtwapa, au mchezo umemtoka. Aende mwenyewe akamwambie kocha, kabla ya msimu kuanza kama inawezekana, si katikati ya mashindano. Kama alisajiliwa kwenye ligi, omba barua ya kumwachilia yenye tarehe na sahihi, maana bila hiyo klabu mpya inaweza kushindwa kumsajili. Lipa kilichobaki, chukua nakala za karatasi zake, mwombe msimamizi amtoe kwenye kundi la simu. Jezi ya klabu irudishwe imefuliwa na kupigwa pasi. Ikiwezekana airudishe siku ya mazoezi, amkabidhi mkononi yule atakayeivaa baada yake.